Nyumba ya Mwisho, Karibu na Tangi

Kila ninapowasha mashine ya kuchomelea hapa Masara, kuna mtu anayechuchumaa kando yangu na kuuliza yaliyotokea mlimani. Nimesimulia vipande vipande, huyu nikimpa mwanzo na yule nikimpa mwisho, na sasa nasikia yanayozunguka kwenye mashimo yetu ya dhahabu: kwamba nilikamatwa na dhahabu, kwamba nilifukua kaburi la Mzungu, kwamba shangazi yangu alipata mchumba huko kwenye baridi. Hakuna lililo kweli, ingawa kila moja limetokana na kitu. Nimekaa Jumapili nzima nikaandika. Someni, halafu mniache nimalize kazi za watu.

Masara hadi Lambwe

Safari ilianza kwa simu ya Waya. Waya ni dada ya marehemu baba, na ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi wa upande huo. Ana miaka sabini na kitu, anaishi Lambwe peke yake na mbuzi wake, na pahali pa mbali zaidi alipowahi kufika ni Sindo, kwenye matanga. Alinipigia Jumanne akaniambia anataka kwenda kutalii. Nilicheka mpaka nikazima mashine. Yeye hakucheka, akaniambia nije na gari kesho asubuhi, na nisichelewe.

Nilifika Jumatano saa nne, maana kutoka Masara nilipita Migori mjini kununua petroli, kisha Rongo, kisha Homa Bay, na barabara ya kushuka bondeni ilikuwa na matope. Nilimkuta ameketi kwenye kiti mlangoni, amevaa viatu vya kanisani, mkoba magotini. Ndani ya mkoba kulikuwa na leso mpya na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia uliooshwa ukang'aa. Nikauliza mkebe ni wa nini. Akasema nitaona, inategemea.

Basi niwaeleze inategemea nini. Babu yangu, Odera, ambaye mimi nimepewa jina lake, aliondoka Lambwe kabla ya uhuru akaenda kufanya kazi ya reli. Alikuwa mtu wa pampu kwenye stesheni moja milimani, juu ya Londiani, akijaza tangi ambalo treni za moshi zilinywa maji kabla ya kuendelea. Barua ilikuja moja tu. Mchwa waliila, lakini nyanya alikuwa ameishika kichwani na alikuwa akiwasomea watoto wake bila karatasi: ninakaa nyumba ya mwisho, karibu na tangi, baridi ni nyingi, nitakuja. Baada ya hapo, kimya. Nusu ya kijiji ilisema amekufa. Nusu nyingine ilisema amepata mwanamke huko na ametusahau. Nyanya alikufa bila kujua kama yeye ni mjane au ni mke aliyeachwa, na Waya alikua akiitwa mtoto wa yule aliyepotea.

Mwaka huu wazee wa ukoo wakasema yatosha. Jumamosi hiyo ilipangwa kuzikwa yago kwa jina lake. Yago ni lile tunda refu la mti wa mtoni, na kwetu huzikwa badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Kila mtu alikubali isipokuwa Waya.

"Yago ni ya mtu amekufa," aliwaambia, na akanirudilia mimi garini maneno hayohayo. "Kama alitukimbia, mimi simziki. Wacha akae huko huko."

Halafu akasikia redioni kwamba stesheni hiyo ya zamani imetengenezwa na watu wanaenda kuiona na kupiga picha. Ndiyo maana ya kutalii. Alikuwa na Jumatano, Alhamisi na Ijumaa za kujua kama baba yake alikufa au aliwatoroka, na mimi ndiye niliyekuwa na gari.

Kusema kweli, mambo ya makaburi hayanisisimui. Nilikubali kwa sababu ya chuma. Nilitaka kuona reli zilizopigwa enzi hizo, na ribiti zake, zile pini nene za kubania bamba, na jinsi walivyounga tangi bila mashine kama yangu. Nilimwambia hivyo. Akasema hata yeye hakuniita kwa ajili ya akili yangu.

Lambwe hadi Sondu

Tulipita Homa Bay, Rangwe na Oyugis vizuri. Kabla ya Sondu mkanda wa feni ukakatika, gari likaanza kuchemka, na tukaingia mjini polepole tukiwa tumefungua boneti. Makanika aliyekuja alikuwa na kila kitu isipokuwa mkanda wa saizi yangu. Akamtuma mtu Ahero kwa pikipiki. Tukangoja saa tatu na zaidi.

Waya hakulalamika. Alinipeleka kibandani, akakagua samaki wote mmoja mmoja machoni, akakataa wanne, akamchagua wa tano, na tukala na ugali wa mtama. Mwenye kibanda alikuwa mama mnene mwenye sauti ya redio. Waya, ambaye alikuwa amenikataza kumwambia mtu yeyote habari ya safari yetu, alimweleza yote kabla samaki hajaiva.

Mama yule alisikiliza akigeuza samaki. Kisha akasema yeye ana wajomba wawili waliofanya kazi ya reli, na wote wawili walioa huko. Wanaume wa reli ni wale wale, alisema, wameteremka stesheni gani wasioe. Hakusema kwa ubaya. Lakini Waya aliosha mikono akiwa ameacha nusu ya samaki, na mnajua Waya haachi samaki. Nilimla mimi.

Nilijaribu kumtuliza. Nikasema huyo mama hamjui babu. Akanijibu kwamba hata yeye hamjui, alikuwa na miaka minne mzee alipoondoka, anachokumbuka ni koti. Hajui kama lilikuwa koti lake au la mtu mwingine. Nilimwonea huruma, nikaenda kumsumbua makanika.

Sondu hadi Londiani

Kutoka Sondu barabara inapanda. Kufika Kapsoit masikio yalikuwa yameziba, na Kericho tukaingia na mvua. Waya aliangalia mashamba ya chai kwa muda mrefu, kisha akauliza watu wa hapa wanakula nini. Nikamwambia wananunua. Akatikisa kichwa, ardhi yote hiyo imelimwa na hakuna jani moja la kutia chunguni. Baada ya Kericho alianza kutetemeka. Nikasimamisha gari, nikamtolea overoli yangu ya kazi, akaivaa juu ya gauni, akakunja mikono yake mara tatu. Alikaa nayo mpaka tuliporudi, na kwenye picha nilizowaonyesha huyo fundi mnayemcheka ndiye yeye.

Londiani tulilala kwa mama mmoja anayekodisha vyumba nyuma ya duka lake. Alitupa viazi na maziwa ya kibuyu. Maziwa yalikuwa na rangi ya kijivu, na kwa nia njema kabisa nikamwambia kwa sauti ya chini, nisimwaibishe mbele ya wageni wengine, kwamba majivu ya jikoni yameingia kwenye maziwa yangu. Akaniangalia. Akaniambia majivu hayo ameyatia yeye, kwa mkono wake, na mama yake alitia, na nyanya yake, ni mkaa wa mti maalumu na ndiyo mursik yenyewe. Wageni wengine walicheka vizuri sana. Waya alikuwa tayari kwenye kikombe cha pili. Alisema yanamfanya asahau baridi, akaomba cha tatu, na saa mbili alikuwa amelala.

Stesheni

Asubuhi tulipanda kilomita chache za mwisho kwenye barabara ya mawe, katikati ya misonobari na ukungu. Stesheni iko kwenye uwanda mdogo uliochongwa ubavuni mwa mlima. Ni jengo la mabati na mbao lililopakwa rangi ya krimu na kijani, lenye veranda, dirisha la tiketi la vyuma na mizani ya mizigo. Bao kubwa linaonyesha kimo cha pale kutoka usawa wa bahari, na mbele yake ndipo kila mtu anapigia picha. Treni za abiria hazisimami hapo tena. Watu wanakuja kwa magari kuona mahali treni ilipokuwa ikisimama.

Kikundi cha wenyeji ndicho kinachopatunza, na mtembezaji wetu aliitwa Kipng'eno, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye kofia ya stesheni masta na filimbi shingoni. Aliipuliza kila tulipohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Tulikuwa pamoja na bwana na bibi kutoka Nairobi waliokuwa wakijipiga picha kila hatua, na Kipng'eno aliwasubiri kwa subira kubwa.

Nakiri nilifurahi. Kuna nyenzo sita za kuinulia ishara za treni, kila moja ndefu kama mtu, na zilipakwa grisi hata leo unaweza kuivuta moja kwa mkono mmoja. Kuna kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo, ndicho kengele. Nililala chali chini ya tangi, nikahesabu ribiti, na hakuna hata moja iliyovuja. Waya alikuwa akinitazama kwa uso wa mtu aliyeleta mtoto sokoni. Yeye alimuuliza Kipng'eno jambo moja tu: makaburi ya watu wa reli yako wapi. Kipng'eno akasema hapa hakuna makaburi. Kuna mawili matatu ya Wazungu kule mjini, lakini Waafrika walipelekwa kwao kwa treni.

Nilimwona Waya akifunga zipu ya mkoba. Kama babu angepelekwa kwao kwa treni tungejua, na kama hakuna kaburi, basi mama wa Sondu alisema kweli. Nilidhani safari imekwisha hapo, na nilihisi vibaya kwa sababu mimi nilikuwa nimefurahi.

Nyuma ya tangi

Tulimalizia kwenye nyumba za wafanyakazi. Ziko nane kwa mstari, chumba kimoja kimoja, kuta za mawe, milango yote ikiangalia reli. Ya mwisho iko chini ya tangi. Mbele yake kulikuwa na maua, waridi jekundu, limepandwa kwenye vituta viwili vilivyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, kimoja upande huu na kimoja upande ule wa mlango. Kipng'eno akapuliza filimbi, akasema hizi ni bustani za mke wa stesheni masta, Mwingereza aliyependa sana waridi. Wale wa Nairobi wakapiga picha. Benchi lililokuwa kando ya vituta lilikuwa limejaa mikoba yao. Mimi nilikuwa na njaa, nina mayai ya kuchemsha mfukoni, nikaketi kwenye ukingo wa mawe ya kituta kimoja nikaanza kumenya.

Waya alikuwa ameingia ndani ya chumba. Alitoka akasimama kizingitini, mgongo umegusa mlango, anatazama nje. Alinyoosha mkono wa kulia polepole mpaka ukanielekea mimi. Nilidhani anataka yai.

"Baba, toka hapo," alisema. Ananiita Baba tangu nizaliwe, kwa sababu ya jina. "Umejikalia mwenyewe."

Nilichelewa kuelewa, na hili ndilo kosa ninalolionea haya, maana si kwamba sijui. Kwetu mwanamume huzikwa upande wa kulia wa mlango wa nyumba yake, ukiwa umesimama mlangoni unatazama nje. Mwanamke huzikwa kushoto. Mtoto wa shule ya msingi Lambwe anajua. Nimesaidia kuchimba makaburi ya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na nilikuwa nimekaa juu ya mojawapo nikila yai kwa sababu mtu mwenye filimbi ameniambia ni bustani. Niliruka. Kituta kilikuwa na urefu wa mtu mzima, na upana wa kaburi, si sentimita zaidi.

Kipng'eno alikuja akisema mama, hiyo ni bustani ya memsahibu. Waya alimuuliza nyumba ya stesheni masta iko wapi. Akamwonyesha, iko upande wa pili kabisa wa reli, yenye bustani yake.

"Sasa memsahibu aliacha shamba yake," Waya alimwambia, "akavuka reli, akakuja kupanda maua kwa mlango ya mtu wa pampu?"

Kipng'eno alivua kofia, akaivaa tena. Alisema hivyo ndivyo walivyofundishwa na waliokuja kupaka rangi. Waya alikuwa tayari amepiga magoti, ametoa mkebe, anachota udongo kwa vidole. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Kipng'eno alimshika mkono, kwa adabu lakini akaushika. Sheria ya pale ni moja, hakuna kitu kinachotoka, hata jiwe la reli, kwa sababu wageni wamebeba boliti, wamebeba taa, wamebeba namba za milango, na kikundi kimeapa. Hakuwa na ubaya. Mimi nilianza kupandisha sauti na yeye akaanza kupandisha yake, na wale wa Nairobi wakaacha kujipiga picha wakaanza kutupiga sisi.

Aliyetutenganisha ni Kogo. Kogo ni bibi kwa Kikipsigis, na ndivyo wote pale walivyomwita mama mzee aliyekuwa akiuza chai kwenye veranda. Alikuja na fimbo yake, pole pole, akamuuliza Kipng'eno maneno machache kwa lugha yao. Akamgeukia Waya na kuuliza kwa Kiswahili yeye ni mtu wa wapi.

"Lambwe," Waya akasema.

Kogo alikaa kwenye benchi, akisukuma mikoba ya watu kando.

Kisha akasimulia. Alikuwa msichana wakati huo, akileta maziwa kwenye nyumba hizi kila asubuhi. Mtu wa pampu alikuwa mrefu, hana meno sita ya chini, na watoto walimwogopa kwa sababu hiyo mpaka walipomzoea. Waya aliniangalia tu; wazee wetu waling'olewa meno hayo. Mtu huyo alikufa kwa kifua, kwenye masika mabaya, wakati mlima uliporomokea reli na hakuna treni iliyopita majuma mawili. Hawakuweza kumsafirisha. Mwenzake mmoja wa kabila lake akachimba hapo mlangoni, akiwaambia watu wa hapa kwamba kwao ndivyo inavyofanywa. Mwenzake huyo alihamishwa muda mfupi baadaye na hakuonekana tena.

Waya alifunika uso kwa mikono ya overoli yangu. Alilia kwa sauti ndogo, na sikujua niweke wapi mayai yangu. Amekufa, ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Hakutoroka, amekufa, Jumamosi tutazika, twende nyumbani.

Lakini Waya alipofuta macho alinyoosha mkono wa kushoto.

"Na huyu?"

Kogo alijibu bila kuzunguka. Alisema huyo ni Taprandich, mke wake. Alikuwa mtu wa kijiji cha chini hapo. Hawakupata mtoto. Alipokufa mzee nyumba ilipewa mtu mwingine wa pampu, lakini Taprandich alikuwa akipanda mlima kila siku kusafisha kaburi, na waridi aliyapanda yeye, kwa matawi aliyoomba kwa stesheni masta. Alitaka kupeleka habari nyumbani kwa marehemu na hakujua nyumbani ni wapi. Alilijua neno moja tu. Miaka mingi, kila treni iliposimama kunywa maji, alitembea madirishani akiwauliza Wajaluo kama wanajua Lambwe. Walikuwa watu wa Nyakach, wa Gem, wa Alego. Wakasema wamesikia, lakini hawajui mtu wa huko. Kabla hajafa alimwagiza Kogo wamzike kushoto, maana mume wake alimwambia huko ndiko kwake.

"Alijua kuna mke nyumbani?" Waya akauliza.

"Alijua. Alikuwa anamuita mkubwa wangu."

"Na huyo mzee, alikuwa anataka kurudi?"

Kogo alifikiri. "Hiyo siwezi kukudanganya, mama. Mimi nilikuwa wa maziwa. Roho yake sikuiona."

Kipng'eno aliondoka, nikadhani amekasirika. Alirudi na jembe dogo la bustani, akaukwatua udongo wa kituta cha kulia yeye mwenyewe, taratibu, asikate mizizi, akaujaza mkebe wa Waya mpaka juu. Alikuwa na wasiwasi mmoja: wageni sasa atawaambia nini? Waya akamjibu ahamishe benchi kwanza, mengine atayajua.

Tuliagana na Kogo. Waya hakukigusa kituta cha kushoto wala hakukitazama. Tuliingia garini, nikawasha, tukateremka mpaka kwenye kona ya kwanza, ndipo akaniambia nisimame. Akauliza nina mkebe mwingine. Nilikuwa na wa boliti tu. Nikazimwaga boliti chini ya kiti, akauchukua mkebe, akarudi kule juu kwa miguu peke yake na viatu vyake vya kanisani. Alichukua karibu nusu saa. Aliporudi mkebe ulikuwa umejaa, na mimi, kwa mara ya kwanza katika safari hiyo, nilikuwa na akili ya kutouliza.

Kurudi

Mkebe wa babu aliupakata magotini, umefungwa kwa leso. Wa pili aliuweka nyuma, chini, karibu na jeki. Kila tulipovuka mto alimwambia baba yake jina la mto. Pale Kericho alimweleza kwamba hii ni chai, mashamba yote, usishangae. Nilianza kwa kuona haya na nikamaliza kwa kupunguza mwendo kila daraja, bila kuambiwa.

Karibu na Oyugis tulisimamishwa na polisi. Afande kijana, mpole, aliangalia leseni yangu, akaniuliza ninafanyia kazi wapi, akachungulia ndani. Akaona mkebe wa udongo umefungwa kwa leso. Akafungua mlango wa nyuma akaona mwingine. Mtu wa Masara, mikebe miwili ya udongo, mmoja umefichwa: hata mimi ningejishuku. Aliniomba nishuke. Akauliza hii mchanga ni ya wapi, tunaipeleka kusafishwa wapi, na kama nina karatasi za machimbo. Nilianza kujieleza na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi wa dhahabu. Hapo ndipo maneno ya kukamatwa yalipotokea, maana kuna mtu wa Masara aliyepita na pikipiki akaniona nimesimama kando ya barabara mikono juu ya boneti.

Waya alishusha kioo.

"Kijana, huyu ni baba yangu," alisema, akiushika mkebe wa magotini.

Afande aliutazama mkebe, akamtazama yeye na overoli yake. Akavua kofia. Lakini kazi ni kazi, akaonyesha kule nyuma.

"Na hii ingine, mama?"

Nilimwona Waya kupitia kioo cha mbele. Alikuwa hajamtaja mtu huyo tangu mlimani. Alikaza fundo la leso kwanza.

"Mke yake," alisema.

Afande akasema pole, akatufungulia njia. Baada ya kilomita moja Waya aliniambia nisimamishe gari. Akaenda nyuma, akautoa mkebe wa pili pale karibu na jeki, akapanguza grisi kwa kanga yake, akarudi akaupakata pamoja na ule wa kwanza.

Lambwe

Jumamosi watu walikuwa wengi. Tunda la yago lilikuwa tayari, limelazwa kwenye majani, na shimo limechimbwa upande wa kulia wa nyumba ya zamani ya nyanya. Waya aliwaambia wazee yago halihitajiki, baba amekuja mwenyewe. Wakamuuliza kwa hiyo kweli alikufa, hakukimbia. Akasema alikufa. Kuhusu kukimbia hakujibu lolote, na waliompa jina la mtoto wa aliyepotea walikuwa wamesimama hapo hapo.

Tuliuzika udongo wa babu. Pasta aliomba, wanawake wakaimba, na watu wakaanza kugeukia upande wa vyungu. Ndipo Waya akasimama mlangoni kwa mama yake akanyoosha mguu kulia. Alihesabu hatua, akapita kaburi jipya, akaendelea, akachomeka kijiti ardhini. Kwetu mke wa pili hujengewa upande huo wa nyumba ya mke mkubwa. Baba yangu mdogo, mzee wa boma sasa, alimuuliza anafanya nini.

Waya alifunua leso, akawaonyesha mkebe wangu wa boliti. Akasema huyu ni mke mdogo wa baba, ana nyumba hapa na haijajengwa, na mtu hazikwi kwenye boma bila nyumba. Mzee akasema hatuwezi kuujengea udongo nyumba. Waya akamjibu kwamba yeye mwenyewe alikuwa tayari asubuhi hiyo kuzika tunda.

Nilikata nguzo nne mimi na binamu zangu, tukafunga fito, tukaezeka nyasi mafungu mawili, nyumba ya kuingia mtu mmoja kwa kuinama. Tulichimba kushoto kwa mlango wake. Waya aliumwaga udongo kwa mkono, hakutaka jembe. Alipomaliza alikwenda peke yake mpaka kwenye kaburi la mama yake, tukadhani anataka kuomba, tukainamisha vichwa.

"Mama," alisema, "yule pale ndiye alikaa na yeye mpaka mwisho. Alikutafuta, hakujua njia. Usimnunie."